Ua Nilioukata Matasia

Nilikata ua wa binti yangu na panga nikiwa na akili zangu zote. Naanza na hilo kwa sababu watu wanasema nimezeeka. Magoti ndiyo yamezeeka. Kichwa bado.

Binti yangu anaishi Matasia na mumewe. Ua wake ulikuwa wa ile miti ya maua madogo, manjano na mekundu, yenye matunda meusi ambayo watoto hula mpaka midomo inabadilika rangi. Ulikuwa umenipita urefu. Alikuwa ameulea tangu waingie pale. Nilienda kumtembelea wiki mbili, na nilikuwa na mpango ambao sikumwambia mtu: nilitaka aseme, Baba, baki. Tangu tumzike mama yake, nyumba yangu ya Kitengela iko na vyumba vinne na mtu mmoja.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, nikampata mjukuu amelala chini ya ua, tunda bado kwa mkono. Nikamwita. Nikamtikisa. Akafungua macho, akayafunga tena.

Mimi nilizaliwa bonde moja kule karibu na ziwa, wakati wa mkoloni. Kulikuwa na mbung'o, yule nzi wa kuleta malale, ugonjwa wa kulala mpaka mtu anakufa. Serikali ilileta watu wa kutembea na kitambaa cheusi mgongoni. Mbung'o akitua, mtu anayefuata nyuma anamnasa na wavu. Kisha amri ikaja: kila mtu akate kichaka karibu na nyumba na karibu na maji. Baba alisema mzungu hawezi kumfundisha boma lake. Chifu akamchapa. Ndipo akakata, lakini upande wa barabara tu, ule ambao chifu angeuona. Nyuma, mahali mama alisagia wimbi, aliacha.

Mama akaanza kulala akisaga. Mkono kwa jiwe, kidevu kwa kifua. Tulicheka. Mimi ndiye nilicheka zaidi, nikamwekea majani kwa nywele. Lori ilikuja kumchukua na hakurudi.

Kwa hivyo nilipokuja huku na masomo yangu ya darasa la tatu, nikapasua mawe mpaka nikanunua shamba, nilichagua Kitengela kwa sababu ilikuwa nyasi tupu. Unaona mtu akija kutoka mbali. Kwangu hakuna kitu kinapita goti. Marehemu mke wangu aliniomba ua miaka yote. Nilikataa.

Nikachukua panga. Kufika saa nane, ua wote ulikuwa chini ya goti. Binti akarudi kutoka kazi yake Ngong, akasimama kwa geti na mkoba begani.

"Baba, ni nini hii?"

"Nimesafisha."

"Umesafisha! Sasa majirani wananiona mpaka ndani ya sufuria!"

"Mtoto alikuwa amelala mchana."

"Si nilimpa dawa ya homa? Inalaza, Baba! Si ungeniuliza?"

Hapo ndipo ningesema habari ya mama. Yeye anajua tu kwamba nyanya yake aligonjeka. Badala yake nikamwambia, "Mimi siombi ruhusa kukata kichaka." Akaanza kulia. Kesho yake mumewe akabeba begi langu mpaka kwa gari, kwa heshima sana.

Jirani yangu Kitengela ni mzee Mmaasai wa rika langu, na habari ya mbung'o nilishamwambia zamani. Alinipata nimekaa nje.

"Sopa, mzee. Nasikia umemaliza msitu wa Matasia."

"Epa. Nani amekuambia?"

"Mbung'o wamebaki kule Nguruman, mbali na hapa, rafiki yangu. Hata ng'ombe wangu wanajua. Uliendea nini Matasia?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamletea kiti.

Miezi miwili ikapita bila simu. Nilikuwa naiweka mezani nikikula, ikiangalia juu. Halafu mvua ikanyesha, na Jumapili moja binti akapiga.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

"Ua umechipuka. Umefika kiunoni."

Nikasema ni vizuri. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Nyanya yako alilala akisaga."

"Nini, Baba? Siskii, mtoto anapiga kelele."

Nikamsikia huyo mtoto, yuko macho kabisa, anakimbia. Nikasema si kitu.

"Ukikuja, usikuje na panga," akasema.

Nikamwambia panga nitaacha. Nikangoja aseme nije lini. Akasema chakula kinaungua, akakata.

Panga nimeiweka juu ya kabati. Begi liko kwa mlango.