Sehemu ya Pili Iko Wapi?

Jana jioni nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Makena, binti yangu wa miaka saba, alikuwa ameniuliza tena, "Mami, sehemu ya pili inatoka lini?" Ni gemu ya simu tuliyocheza pamoja mpaka ikaisha.

"Waulize wenyewe!" nikafoka. Akaenda zake kona. Hiyo gemu ndiyo ilikuwa inatukalisha kochi moja nikitoka kazini.

Na kuwauliza nilishauliza. Kampuni iliyoitengeneza ikajibu kwamba gemu ikipendwa sana huiacha hapo na kubuni ingine, ili isichoshe watu. Imchoshe nani? Mama mandazi akimaliza beseni asubuhi, si anakanda unga tena?

Tulipokuwa wadogo kule Ruiri, mchezo haukuwa unaisha, ulikuwa unasimama tu. Tulicheza kati, wawili wakimlenga wa katikati kwa mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba ya sisali, vumbi mpaka kwenye kope. Mama akiita, "Huo mchezo hautoroki, kuja uteke maji!", tuliweka jiwe pale wa katikati aliposimama. Kesho yake unarudi kwa jiwe lako, na hakuna aliyelisogeza. Watoto wa siku hizi simu ikikwama kidogo wanaitupa kama imewauma.

Lakini kulikuwa na Kanana, jirani yetu, mkubwa kwetu kidogo, fundi wa kubuni michezo. Alibuni mmoja wa kuruka mtaro bila kukanyaga kivuli cha mwenzako. Shule nzima ikaushika. Wiki hiyo hiyo akauacha. Tukampelekea githeri yetu ya saa sita kama hongo. "Kanana, tuongezee!" Akala yote, akajipangusa mdomo. "Ule umeisha. Niko na mwingine."

Tukajaribu kuuendeleza wenyewe, tukaishia kupigana. Mpaka leo sijui kama yalikuwa maringo ama aliona kitu sisi hatukuona. Na huo mwingine, wacha niseme ukweli, ulikuwa mtamu. Hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa.

Lakini Kanana ningevuka ua nikamgombeza uso kwa uso. Hawa wa leo sijui hata wanakaa wapi. Kwa hivyo leo nimeandika kwenye ukurasa wao wa malalamiko, hivi:

"Mimi ni mzazi, naishi mtaa wa Dallas, Embu. Nalalamika rasmi. Mlimzoesha mtoto wangu kuningoja mlangoni kila jioni, kisha mkamwondolea sababu. Nataka sehemu ya pili. Na kama lazima iwe gemu mpya, basi iwe ya watu wawili."