Nilipewa certificate ya kutuliza wateja wenye hasira, halafu akaja mwanaume wa thermos

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Nyeri leo ni baridi ya soksi mbili, na wagonjwa ni wachache, kwa hivyo wacha niandike. Nilikuwepo mwenyewe, na aibu iliyomo ni yangu, sina sababu ya kuwadanganya.

Mimi ni dada wa reception upande wa maternity katika hospitali moja hapa mjini. Msiniulize gani, bado naitaka hii kazi. Kazi yenyewe ni kuandika majina, kuonyesha watu choo iko wapi, na kutukanwa.

Kwa sababu ya hayo matusi, management wakatuletea training ya siku mbili. Conflict resolution na personal safety. Hoteli safi, chai ya maziwa, samosa mbili kwa kila mtu (nilikula nne), na trainer kutoka Nairobi aliyevaa viatu vilivyochongoka kama kalamu.

Trainer alitupa sentensi ya kutuliza mtu: "Ninaelewa unavyohisi." Unaisema kwa sauti ya chini, mikono ikionekana.

Akatupa na masharti. Usitoke nyuma ya kioo. Ujue mlango wako wa kutorokea. Na usiguse kabisa mambo ya familia ya mtu aliyekasirika, hapo utakuwa unamwaga petroli kwa moto.

Tukafanya role play. Mzee Githaiga, soja wetu wa mlangoni, akacheza mteja mkali. Wakuu, yule mzee aliigiza mpaka trainer akarudi nyuma na kukanyaga waya ya projector. Mimi nikamtuliza kwa dakika moja. Nikapigiwa makofi, nikapewa certificate, nikaibandika ukutani juu ya kiti changu. Wiki nzima nilikuwa naringa tu.

Wiki mbili baadaye, saa mbili asubuhi, akaja mwanaume kutoka Endarasha na bibi yake mjamzito. Gumboots za matope, na mkononi thermos ya chuma, ile kubwa, imejaa uji. Huku kwetu mama akijifungua lazima apate uji, na huyu alikuwa amekuja nao kabisa.

Bibi akaangaliwa, akakimbizwa theatre. Mwanaume akaambiwa angoje kwa benchi.

Saa nne akaja kuuliza. Nikamwambia, "Tutakuita."

Saa tano na nusu akarudi. "Tutakuita." Hapa nakiri kitu: sikuinua hata macho. Nilikuwa na mandazi.

Saa saba akaja mara ya tatu, na safari hii aliweka thermos kwa kaunta kwa kishindo mpaka kalamu zangu zikaruka.

"Madam, niambie kitu moja tu. Bibi yangu ako hai ama amekufa?"

Benchi yote ikageuka kunitazama.

Nikaona saa yangu imefika. Nikashusha sauti, nikaonyesha mikono, nikasema kwa upole wote wa certificate, "Ninaelewa unavyohisi."

Heri ningenyamaza.

"Unaelewa nini? Wewe uko na bibi huko ndani? Tangu asubuhi mimi nakaa hapa kama gunia ya viazi, hakuna mtu ananiambia kitu, halafu ati unaelewa!"

Akainua thermos juu ya kichwa. Na kioo changu, wakuu, si kile cha benki. Ni cha dirisha la kawaida, mtu akifunga mlango kwa nguvu kinatetemeka.

Nikakumbuka mlango wa kutorokea. Upo, nyuma yangu. Lakini nilikuwa nimeuziba mwenyewe na maboksi manne ya faili, kwa sababu upepo ulikuwa unapita chini yake na kunigandisha miguu.

Nikamtafuta Mzee Githaiga, yule simba wa role play. Alikuwa ameangalia gate kwa makini sana, mgongo kwetu. Baadaye alinieleza ati alikuwa anasecure perimeter.

Niliogopa sana, siwafichi. Na katika ile hofu mdomo wangu ukauliza swali ambalo trainer angezimia akilisikia.

"Huyu ni mtoto wenu wa kwanza?"

Akasimama hivyo hivyo, thermos juu. "Eee."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama yangu ameingia hapa wapi?"

"Nimeuliza tu. Anaitwa nani?"

"Wangeci."

"Na baba yako?"

"Theuri." Thermos ikaanza kushuka, kwa sababu kila mtu wa hapa anajua kinachofuata majina hayo mawili. Mtoto wa kwanza akiwa msichana, anachukua la mama ya baba. Akiwa kijana, la baba ya baba.

"Basi ukweli ni huu. Mimi sijui kama huko ndani ni Wangeci ama ni Theuri. Sijui chochote, na sikuwa nimeuliza. Sasa naenda kuuliza. Usivunje kioo kabla nirudi, tafadhali."

Nikafungua mlango wa mbele, nikapita karibu naye mpaka nikasikia harufu ya moshi kwa koti lake. Hakunigusa.

Nyuma yangu mama mmoja wa benchi akanong'ona, "Huyu si anaita majina kabla mtoto afike! Huo ni mkosi!"

Hapo kwa corridor ndipo akili ilinirudia. Nikiambiwa habari mbaya, nitamwambia nini yule mtu? Nimeshampa mtoto jina. Badala ya kupoteza mtoto, sasa atapoteza Wangeci. Nilitembea nikiomba Mungu na kujitukana kwa zamu.

Nikagonga mlango wa theatre. Sister Muthoni akatoka, mask imeshuka kidevuni, amechoka kabisa.

"Alivuja damu sana," akasema. "Lakini tumemaliza saa hii. Mama ako sawa. Ni msichana."

Mambo ya privacy yakanitoka kichwani. Nikarudi mbio, na kabla sijafika nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Wangeci amefika! Na mama yake ako sawa!"

Yule mwanaume aliketi sakafuni. Hakutafuta benchi, aliketi pale pale kwa gumboots zake na kulia bila kujificha. Wamama wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mara tano kama za kijana, na msichana huwa tatu... sawa, walikosea hesabu, hakuna aliyejali. Na mimi nililia, ndiyo.

Supervisor aliniita. Nikapewa onyo la mdomo kwa kutangaza habari za mgonjwa, na alikuwa sahihi. Kisha akanipa fomu ya incident nijaze. Kulikuwa na sehemu imeandikwa "Mbinu iliyotumika kutuliza mteja." Mwishowe nikaandika, "Nilienda kuuliza."

Wakuu, simdharau trainer. Maboksi nimeyatoa, miguu inaganda lakini mlango unafunguka, na nyinyi wa kaunta angalieni milango yenu leo. Si kila thermos itashuka kwa sababu umeuliza jina la mama ya mtu. Lakini yule mwanaume hakuja kupigana na mimi. Alikuja mara mbili kwa heshima, na mimi nikamjibu na mandazi mdomoni.

Juzi walikuja clinic. Alinipitishia mtoto kando ya kioo, juu ya kaunta, amefungwa blanketi tatu, akamwambia, "Wangeci, salimia huyu. Ndiye alikuita wa kwanza."

Nyinyi mnaokaa nyuma ya kioo, ni sentensi gani mmekuwa mkirushia watu bila kuinua macho? Andikeni hapa chini. Mzee Githaiga pia anasoma, msimcheke sana.