Oili Kwenye Kikaango cha Chapati

Juzi nilikuwa nakaanga samaki hapa kwangu Iringa, tone la maji likadondokea kwenye mafuta ya moto. Chwaa! Niliruka nyuma, kisha nikacheka peke yangu, maana sauti ile ilinirudisha Rujewa, kwenye mashine ya mama ya kukoboa mpunga, kwenye vumbi la pumba na harufu ya dizeli.

Jamani, mashine ile ndiyo ilikuwa ugali wetu na sare zetu za shule. Baba alishafariki, na wapo waliokuwa wakingoja kwa hamu siku atakayoshindwa mama. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaangalia rangi, akaisugua oili kwa vidole, akainusa. "Mashine haifi ghafla," alizoea kuniambia. "Wewe ndiye hukuiangalia."

Asubuhi moja ya msimu, uwanja umejaa magunia na mawingu yamefunga, kijiti kilitoka na oili nyeupe-nyeupe, kama chai ya maziwa. Nikadhani ataita fundi kimyakimya. Wapi! Alikwenda kwa muuza chapati wetu pale nje, akaazima kikaango kikuukuu, akakibandika kwenye jiko la mkaa katikati ya uwanja.

"Mama Tumaini, leo unatukaangia nini?" akauliza mzee mmoja aliyeleta magunia mengi kuliko wote. Watu wakaangua kicheko. Mimi, Tumaini mwenyewe, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kikaango kilipopata moto, mama akadondosha ile oili ya kwenye injini. Ikatatarika, ikaruka huku na huku. Akakifuta, akadondosha oili mpya ya kwenye galoni. Hiyo ikatulia, ikafuka moshi tu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Maji yameingia kwenye injini. Nikiwasha itakwama, na msimu huu hatukoboi tena hapa. Anayetaka kwenda kwingine aende, sinuni. Fundi akifungua leo, kesho tunakoboa."

Wachache waliondoka wakisonya. Yule mzee alikuna kidevu, akakitazama kikaango. "Kweli imelia," akasema, akawaambia vijana wake waingize magunia bandani kabla mvua haijashuka. Wengine wakafuata. Kesho yake mchana, gasketi mpya ya kuzuia maji yasiingie kwenye oili imefungwa, injini ilinguruma, nami nikaruka-ruka kama ndama.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini mama hakuyafanya yale nyuma ya banda. Sasa nina kazi yangu na watu wa kunidharau, ndipo nimeelewa. Yeye alishajua tangu kijiti kilipotoka. Rangi ile haihitaji moto. Kikaango kilikuwa cha wateja. Angesema kwa mdomo, wangesema mjane anaogopa mashine, basi akawaacha wasikie kwa masikio yao. Tangu siku ile yule mzee alikuwa hashushi gunia hata moja kabla ya kuuliza, "Umeshapima, mwanangu?"

Na mama, bila hata kugeuka: "Shusha, baba."