Barakoa za Kwaya

Kila jioni taarifa ya habari inapoanza, shangazi Enesi huongeza sauti ya redio, humeza kidonge chake cha ARV, kisha hukiagiza, "Nenda kafanye kazi, usizurure."

Anauza mchele sokoni Tunduma. Kwa miaka mingi dawa zake alizichukulia Nakonde, upande wa Zambia, ambako hakuna anayemjua. Huku nyumbani aliaga kwamba anakwenda kumwona dada yake, mgonjwa asiyepona wala kufa. Dada huyo hayupo, lakini kanisani walimwombea kwa bidii.

Korona ilipoingia, mpaka ukafungwa. Ukitikisa chupa yake ya dawa, ulisikia vidonge vichache tu vikigongana. Kuacha dawa hakuthubutu. Mdogo wake aliziacha, wakamzika. Ikabidi aende kliniki ya hapahapa, mtaa mmoja na kanisa.

"Siku hiyo niliishukuru barakoa," ananisimulia.

Alivaa barakoa, akaongeza miwani ya jua, akajitanda khanga, akaketi mwisho wa benchi. Alikuwa na uhakika hata mama yake mzazi asingemtambua.

Kumbe barakoa yenyewe ilishonwa na kwaya yake ya akina mama, kwa vipande vilivyobaki vya sare ya Pasaka: kitenge cha njano chenye tausi wa kijani. Tunduma nzima hakuna mwingine aliyethubutu kukivaa.

Mwanamke aliyekaa mbele yake akageuka. Naye alikuwa na tausi mdomoni. Macho yale makali Enesi aliyajua: Loisi, mwalimu wa kwaya, anayemfukuza mtu mazoezini kwa kuchelewa tu.

Wakatazamana.

"Umekuja kupima presha, mwalimu?" Enesi akauliza.

"Ee. Na wewe?"

"Presha."

Nesi akachungulia mlangoni. "Jamani, wa presha ni jengo lile pale. Hapa ni dawa za ARV."

Hakuna aliyeinuka.

Tausi wa Loisi akaanza kutikisika kwa kicheko. "Na dada yako wa Nakonde anaendeleaje?"

"Ndiye huyu uliyekaa naye."

"Mbona mnene hivi? Na tulivyofunga kumwombea."

Mpaka ulifunguliwa zamani, na Enesi huvuka kila anapopata mchele mzuri. Lakini dawa anachukua Tunduma. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini hakurudi kliniki ya Nakonde?

"Kule nilikuwa nakaa benchi peke yangu," akasema.