Mstari wa Tatu Kwenye Kaburi la Baba

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonipeleka huko kote. Baba yangu alifariki wakati wa mvua za vuli, tukamzika Bigwa, nyuma ya nyumba, pale shamba linapoanza kupanda kuelekea mlimani. Siku ya arobaini ukoo wake ukashuka kutoka Uluguru na kusema umekuja kumrudisha. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu: tumekuja kumrudisha. Wakamkalisha mtoto wa shangazi yangu kwenye kigoda, wakamvika koti la baba lile la kijivu la kwendea kanisani, wakampa jina la baba. Kuanzia saa ile, kijana niliyemzidi miaka minane akawa baba yangu.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo anayerithi jina la mtu ni mtoto wa dada yake, si mtoto wake wa kumzaa. Harithi mke wala nyumba, ni jina tu, jina lisilale. Nimelijua hilo tangu utotoni na nimeliona likifanyika kwa watu wengine, na siku zote nililiona jambo zuri. Likija kwako ndipo unapojua lina uzito gani. Binamu yangu ni mkulima wa kabichi na njegere huko juu, amesoma mpaka darasa la saba, ni Mwislamu asiyekosa Ijumaa. Baba alikuwa Mkristo. Kwenye ukoo wetu hilo halikumsumbua mtu hata mmoja isipokuwa mimi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta binamu uani anapiga mswaki. Akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini, nikajifanya natafuta ndoo. Mama alikuwa kibarazani, haoni vizuri kwa sababu ya presha ya macho, lakini masikio yake hayana ugonjwa.

"Mbona sisikii ukimwamkia baba yako?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, povu la dawa ya meno limemjaa mdomoni.

Hilo "mwanangu" lilinikata maini. Nilirudi kwangu Mafiga siku hiyo hiyo bila kunywa chai.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi Mazimbu kwenye makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wanaishi pale. Nawaambia waingie na madaftari. Kaburi ni hati, nawaambia, lisomeni kama mnavyosoma barua. Ulizeni nani aliyeandika, aliandika lini, na nini aliamua kutokukiandika. Wengi wanaandika wakiwa wanaangalia gari litaondoka saa ngapi, lakini mimi nayasema kwa moyo wote.

Shida yangu ni kwamba siwezi kuyaacha maneno hayo Mazimbu. Naingia nayo kanisani. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, natoa zaka. Lakini kila Pasaka inaposomwa habari ya kaburi tupu, kalamu nyekundu inaanza kutembea kichwani. Nani aliyeandika? Miaka mingapi baadaye? Mbona huyu anataja wanawake watatu, yule anataja mmoja? Siku moja nilimuuliza katekista wetu, mzee mwema aliyenifundisha sala zote ninazozijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipigapiga begani na kusema, "Imani, mwalimu. Imani." Nikamwambia nimeuliza maswali matatu na amenipa jibu moja. Akacheka. Sikuona cha kuchekesha. Neno hilo wanalitumia kama kufuli: unafika mlangoni, unafungiwa, na unaambiwa ushukuru. Kati ya wote waliokuwamo katika habari ile ni Tomaso peke yake ninayeelewana naye, aliyesema hasadiki mpaka atie kidole kwenye majeraha.

Basi arobaini ile ya baba ikanipa nadharia, na mimi nikiwa na nadharia sijui kunyamaza. Wiki chache baadaye nilikwenda Bigwa, nikamkuta mama anachambua mchicha kwa vidole, anang'oa jani baya kwa kulishika tu. Nikakaa, nikamwambia.

"Mama, labda na wale mitume walifanya kama sisi. Alikufa mwenzao, wakampa mtu mwingine jina, wakawa wanamwita bwana. Watu wakasema amerudi. Baada ya miaka mingi akaja mwandishi asiyejua mila, akaandika amefufuka."

Nilijiona mjanja kweli. Mama hakuacha mchicha.

"Yule ni baba yenu kwa jina," akasema. "Namwamkia, nampakulia. Sasa wewe unadhani mimi sijui? Mume wangu nilimshika mkono mpaka ukapoa. Yule akiingia hapa na lile koti, hakuna siku nimemchanganya na mume wangu, na macho yenyewe ndiyo haya." Akatupa jani. "Na wale akina mama waliokwenda kaburini unawafanya wajinga. Walibeba manukato ya kumpaka maiti. Anayekwenda kupaka maiti hatarajii kumkuta mtu amesimama."

"Kwa hiyo wewe una hakika?"

"Sina hakika. Namngoja."

Maneno hayo yalinichemsha zaidi. Nilikuwa nimekwenda chuo kikuu, nimeandika tasnifu juu ya masimulizi ya mdomo, na mwanamke aliyejifunza kusoma ukubwani amenifunga kwa sentensi tatu. Alisoma darasa la watu wazima enzi zile, wanakaa chini na kuchora herufi mchangani kwa kidole. Alipenda kutuhadithia jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani na kidole kimechubuka.

Kwaresima ilipofika akasema sasa udongo umeshashuka, baba yako ajengewe kaburi, Pasaka imkute amelala pazuri. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mimi ndiye msomi, kwa hiyo kazi ya maneno ikawa yangu. Alitaka mistari mitatu. Wa kwanza jina. Wa pili mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Wa tatu akaniambia neno kwa neno, akanirudishia mara mbili nisikosee: TUTAONANA SIKU YA UFUFUO.

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba mstari huo unanishinda. Nilikuwa na kinywa. Badala yake nikasema, "Sawa, mama," nikaenda Mafiga, nikakaa na karatasi. Jina halikuwa na tatizo. Mwaka wa kifo nilikuwepo. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa na majibu matatu: cheti cha ubatizo kilisema hivi, kadi ya mpiga kura ilisema vile, na shangazi alisema baba alizaliwa mwaka ule mto ulipochukua daraja. Nikachagua cheti cha ubatizo, kwa kuwa ndicho kikongwe na kina mhuri. Kisha nikafika mstari wa tatu, na mkono ukagoma. Nikajiambia siwezi kuandika kwenye hati kitu nisichokijua. Nikajiambia pia kwamba hataona. Hili la pili ndilo lililoniwezesha kukunja karatasi.

Fundi alimwaga zege, akalilaza, akainamisha kibao kidogo upande wa kichwani chini ya msalaba, akachora herufi kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Alipomaliza mistari miwili akarudi nyuma akaangalia.

"Mwalimu, mbona huku chini pamebaki nafasi?"

"Paache."

Akapitisha mwiko, akapalainisha vizuri. Alikuwa fundi mzuri.

Binamu yangu alikuwa ameshuka na magunia yake ya kabichi, akapita kuangalia kazi. Akasoma mwaka wa kuzaliwa, akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia cheti cha ubatizo.

"Mama yangu anasema alipelekwa kubatizwa meno ya mbele yameshang'oka. Padre aliuliza ana miaka mingapi, mtu akakisia."

"Nimeandika kilichopo kwenye cheti."

"Haya, mwanangu," akasema. Akatazama ile nafasi ya chini, akanitazama mimi, akarudi kwenye magunia yake. Kama angesema neno ningemrukia, nadhani alilijua hilo.

Jioni ile mama akaniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

Nilikuwa nimeandika, siyo? Hivyo ndivyo nilivyojitetea mwenyewe njia nzima hadi Mafiga. Lakini nilijua alichouliza.

Siku ya Pasaka tulitoka kanisani tukarudi Bigwa sote. Binamu yangu naye alikuwa ameshuka kuja kula pilau na sisi, amevaa lile koti la kijivu na kofia yake ya kiua. Mama hakutaka kuingia ndani. Akasema nimpeleke kaburini kwanza. Nikamshika mkono huu, binamu akamshika ule, tukampeleka mpaka kwenye kibao. Nilidhani atasimama, atasali, tutaondoka. Akapiga magoti. Akatoa kitambaa cha mkononi, akapangusa vumbi, akaweka kidole cha shahada kwenye saruji.

Nilikuwa nimefikiria macho yake tu.

Alianza na jina. Alilipita herufi moja moja, midomo inacheza, akifika mwisho akalitamka lote na kutabasamu. Akashuka mstari wa pili, akapita tarakimu za kwanza, akapita kistari, akapita za mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kidole kikashuka tena. Kikaenda kulia mpaka ukingoni. Kikarudi. Kikashuka kidogo, kikaenda tena mpaka ukingoni. Akafungua kiganja chote akakipitisha pale, polepole, kama anayetafuta sindano kitandani.

"Hapa hamna kitu," akasema.

"Mama, mimi nimeona kwamba siwezi kuandika jambo ambalo sina..."

"Nani kakuuliza wewe?"

Hakupaza sauti. Bado alikuwa amepiga magoti, uso kwenye kaburi.

"Ningetaka kujua wewe unaamini nini, ningekuuliza," akasema. "Nilikuomba uandike ninachoamini mimi. Mimi ndiye mke wake. Yale yalikuwa maneno yangu, na umeyatupa, halafu ukaniambia umeandika."

Miaka kumi na tisa nimewasimamisha watoto wa watu mbele ya makaburi Mazimbu nikiwaambia waulize nani alinyimwa nafasi ya kusema, na mimi nimechukua ushahidi wa mama yangu nikaukunja, nikaulainisha kwa mwiko. Nilitaka kumwambia nitamwita fundi kesho, zege litachongwa, kila kitu kinarekebishika. Nikasema, "Mama, nitamwita fundi."

"Acha. Lako ulilolijua umeshaliandika."

Akanyoosha mkono. Nikausogelea, lakini haukuwa unanitafuta mimi. Uliupata mkono wa koti la kijivu, ukaushika. Binamu yangu akainama akamwinua. Mama akajipangusa magoti, akamwita kwa jina la baba.

"Kaburi langu utaliandika wewe," akamwambia. "Unayajua maneno?"

"Nayajua, uliniambia."

"Yaseme nisikie."

Akayasema yote, taratibu, bila kuruka hata moja, na mama akaitikia amina. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yao. Walianza kurudi nyumbani, wamekamatana, na hakuna aliyegeuka kuniambia nije.