Malkia wa Rwensheko

Mgomba unaoumwa hunuka kabla hujauona. Ni harufu ya uchachu, kama ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iliyosahauliwa mtungini, ila chini yake kuna uzito wa kitu kinachooza. Nilikuwa na miaka tisa harufu hiyo ilipoingia kwetu Kamuli. Nyumba yetu ilizungukwa na kibanja, shamba la migomba na kahawa alilolirithi baba, na kila tulichokula kilitoka humo. Asubuhi mama alipofungua mlango wa jikoni, harufu ilitangulia mwanga kuingia. Alijiziba pua kwa pindo la kanga, akasimama kizingitini akitazama majani yaliyogeuka manjano na kuvunjikia shingoni, kisha akarudi kuwasha moto.

Wakati huo binamu yangu Kokusima alikuwa ameishi nasi karibu mwaka mzima. Alikuwa mtoto pekee wa shangazi yangu, dada yake baba, aliyefariki huko Bweranyange. Baba alimleta nyuma ya baiskeli, amekumbatia kifurushi cha nguo, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Alinizidi miaka miwili. Tulitegemea atalia, na mama alikuwa ameshajiandaa kumbembeleza, lakini yeye alimwamkia kila mtu shikamoo, akanywa uji wake wote, kisha akatutazama mimi na mdogo wangu Amosi na kuuliza, "Huku anatawala nani?" Amosi akamjibu kuwa ni mwenyekiti wa kijiji. "Siulizi kijiji," akasema, akielekeza kidole kwenye migomba. "Nauliza mle ndani."

Hivyo ndivyo ulivyoanza ufalme wa Rwensheko. Jina alilitunga mwenyewe kutokana na neno la Kinyambo la kucheka, ingawa yeye alicheka mara chache. Raia wa Rwensheko walikuwa migomba. Kila shina lilikuwa kaya, mgomba mkubwa ukiwa mama na machipukizi yakiwa watoto, na kila kaya ilikuwa na jina, ugomvi wake na ndoa zake. Kokusima alikuwa malkia. Mimi nilikuwa waziri wa maji kwa sababu ndimi niliyetumwa kisimani, na Amosi, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa jaji. Aliwashitaki mbuzi waliokula raia na kuwahukumu wasimame kusikiliza wimbo wa kanisani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Malkia naye hakuwa juu ya sheria. Jaji aliweza kumwuliza swali lolote, naye alilazimika kujibu kweli. Sheria nyingi zilikuwa za mchezo, lakini kulikuwa na moja ambayo Kokusima aliitamka polepole, na hakukubali tuicheke. Sheria hiyo ilisema kwamba katika Rwensheko mama hazikwi mpaka mtoto wake afike. Sikujua ilikotoka. Baadaye sana mama alinieleza kwamba siku ya msiba wa shangazi, Kokusima alikuwa amepelekwa kwa majirani asione, na alipochomoka na kukimbia hadi nyumbani alikuta wanaume wanasawazisha udongo kwa majembe.

Dini nayo ilikuwepo. Mungu wa Rwensheko aliitwa Msikilizaji, na hakuwahi kusema chochote, wala kuagiza, wala kukasirika. Ulikuwa unakumbatia mgomba, unabandika sikio kwenye gome lake la baridi, na ukinyamaza vya kutosha ulisikia maji yakitembea ndani. Hapo ndipo ulipojua kwamba yupo. Ukishasema haja yako, ulichomeka punje nyekundu ya kahawa kwenye kikonyo cha jani na kufunga ukanda wa jani kavu kuzunguka shina ili maombi yasidondoke. Mimi niliomba viatu. Amosi aliomba mbuzi wasamehewe. Kokusima aliomba kwa sauti ndogo mno, kwa Kinyambo, akiwa amefumba macho, na alipomaliza aliendelea kuukumbatia mgomba kwa muda mrefu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na siku aliyotukuta hivyo aliguna tu akapita. Kwake ilikuwa michezo ya watoto.

Kisha mnyauko ukaja. Ulianza kwenye mashina ya pembezoni, ukaingia ndani wiki hadi wiki. Mikungu iliiva kabla ya wakati, na ndizi ukizipasua zilikuwa na rangi ya kahawia na ngumu kama kizibo, hata nguruwe walizikataa. Tukaanza kula viazi vitamu asubuhi na jioni, kisha ugali wa mahindi ya kununua, kisha mara moja kwa siku. Jirani yetu Mama Yustina alikuja kuona hali yetu, kwa kuwa kibanja chake kilipakana na chetu na kilikuwa bado kizima. Alipofika katikati, penye mashina makubwa, akasimama. Kila shina lililokuwa linakufa lilikuwa limefungwa kanda za majani makavu, tabaka juu ya tabaka, na kwenye vikonyo kulikuwa na punje za kahawa zilizooza na kuota ukungu.

"Nani amefunga hivi?" akauliza.

"Mimi," akasema Kokusima. "Ni maombi."

"Unamwomba nani?"

"Msikilizaji."

Mama Yustina hakumgombeza. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu aliyeona nyoka, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyohiyo jani la kwanza likawa manjano kwenye kibanja chake. Kisimani wanawake walikuwa wananyamaza tukifika. Nilisikia vipande tu kuhusu Kokusima: kwamba mama yake alikufa akiwa kijana, kwamba hakulia alipokuja, kwamba anaongea na miti. Bwana shamba alikuja kwa pikipiki, akakusanya watu uwanjani kwetu, akakata mgomba mmoja na kuonyesha usaha wa manjano ukichuruzika. Akaeleza kwamba ni vijidudu, vinabebwa na panga, na wadudu wanaotua kwenye maua, na machipukizi ya kupeana. Akasema mashina yote yanayoumwa yang'olewe na kuzikwa, na kila panga lipitishwe motoni. Watu walimsikiliza kwa adabu. Wakauliza maswali mazuri. Wakaenda nyumbani kuchoma mapanga yao, na njiani wakaendelea kumzungumzia Kokusima.

Siku chache baadaye, saa ya kuandaa chakula cha jioni, wanaume wa jirani walikuja na Mama Yustina, wakakaa sebuleni na baba na mama. Mimi na Kokusima tulikuwa jikoni tunamenya viazi, na ukuta ulikuwa mwembamba. Walisema kwa upole kwamba hawana ugomvi na familia yetu. Ila mtoto yule akiendelea kukaa, wao hawatakanyaga kwetu, si kwa kazi wala kwa ugonjwa, na tukifiwa tutazika wenyewe.

"Ni mtoto wa dada yako," nilimsikia mama.

"Najua ni mtoto wa nani," baba akajibu. "Mimi sisemi ni yeye. Nasema watu wanasema."

Nikaacha kisu nikaingia sebuleni. Nikasema, "Baba, hata mimi nilifunga. Na Amosi pia alifunga." Wageni wote wakageuka kunitazama. Mama aliruka kutoka kitini, akanikamata mkono, akanitoa nje kwa nguvu ambayo hakuwahi kunishika nayo. Akainama mpaka uso wake ukagusa wangu, akaninong'oneza, "Usiseme tena hivyo. Unanisikia? Usiseme tena." Nilielewa kwamba aliogopa watatutaja na sisi, na kwamba ili tusitajwe, mmoja alikuwa ameshatolewa.

Kokusima alipelekwa kwa ndugu wa mbali, kijiji cha mpakani. Asubuhi ya kuondoka alizunguka kibanja chote akifungua kanda, shina hadi shina, na pale fundo lilipokaza alitumia meno. Gari la mizigo lilikuwa linaunguruma barabarani. Akamwuliza baba, "Mjomba, migomba ikipona nitarudi?"

"Panda, gari linaondoka," baba akasema.

Migomba haikupona. Iliendelea kufa yeye akiwa hayupo, yetu na ya majirani, hadi mwisho wa bonde, na baba alichimba mashimo ya kuizika mpaka viganja vikapasuka. Hakuna aliyesema kwamba basi, mtoto hakuwa na kosa. Baba alifariki bila kumtaja tena, na majirani wote walikuja kuzika.

Nilimwona Kokusima tena tukiwa watu wazima. Anauza chakula karibu na stendi ya Omurushaka, ana watoto, mikono ina makovu ya mafuta ya moto. Huko mpakani hakusomeshwa, alichunga na kuteka maji mpaka akaolewa. Aliniwekea sahani, akakaa mbele yangu. Nilimwambia kwamba sote tulijua si yeye.

"Mimi sikujua," akasema. "Nilikuwa mtoto, Edina. Niliwaamini. Nimezaa watoto wawili nikiwa naogopa kuwashika wakiumwa."

Leo kibanja cha nyumbani kimejaa tena. Mama anapika ndizi kila siku, na watoto wa kijiji wanajua mnyauko kama wanavyojua malaria, wanakataa hata kuazimana panga. Mama Yustina bado yupo. Mwaka jana nilimkuta akiwafundisha wajukuu wake namna ya kutoa ua la mgomba kwa kijiti badala ya kisu, akiwaeleza habari za vijidudu kwa ufasaha kama bwana shamba. Nikamwuliza kama anamkumbuka Kokusima.

Alifikiri kidogo. "Yule mtoto wa shangazi yako? Hivi alikwenda wapi yule?"

Nikamwambia yuko Omurushaka, mwendo wa basi moja tu.

"Aisee," akasema, akirudi kwenye mgomba wake. "Basi mpe salamu zangu."

Salamu hizo sijazifikisha.