Mpima neva na sindano aliyojichoma mwenyewe

Saa tatu asubuhi. Katika chumba cha mwisho cha idara ya mazoezi tiba, mpishi wa shule amelala kitandani, mguu wake wa kulia umelegea kama si wake. Mpimaji anambandika nyaya mbili chini ya goti, anabonyeza kitufe. Vidole vinaruka.

"Bili ya umeme huu analipa nani?" mpishi anauliza.

"Tulia, mama. Wa kwangu ni wa bure."

Wenzake wanamwita Fundi Umeme. Ana miaka arobaini na minne, na kumi na mitano kati ya hiyo ameimaliza humu, akipima neva na misuli. Kwa siku hupokea watu tisa. Mashine nyingine kama hii iko mwendo wa siku nzima.

Sasa anachukua sindano yenye waya, ile inayousikiliza msuli kwa ndani, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameulaza mapajani.

Karatasi anayoandika inakwenda chumba cha pili, kwa mtaalamu wa mazoezi, mwanamke anayemwita dada. Ndani ya karatasi hiyo ndimo dada anamosoma msuli upi ausukume na upi auache upumzike.

"Bila kipimo chake napapasa tu," dada anasema. "Neva iliyobanwa na neva iliyokufa, ukitazama kwa macho, mguu ni uleule."

Mwaka jana Fundi Umeme alishindwa kuzungusha ufunguo kwenye kufuli kwa mkono wa kulia. Yeye, anayewakataza watu kuanza mazoezi kabla ya kipimo, alinunua mpira mdogo akawa anaubinya mara mia tatu kwa siku. Miezi mitatu. Mkono ukazidi kukonda.

"Nilijua cha kufanya," anasema. "Niliogopa kukifanya."

Mchana mmoja alifunga mlango, akajichoma sindano kwenye nyama ya kidole gumba. Msuli wenye afya ukipumzika, mashine hunyamaza. Wake ulikuwa ukichakarika kama mvua kwenye bati. Akajichoma mguuni, ambako hakuwa na shida yoyote. Mvua ileile.

Daktari wa hospitali kubwa alithibitisha: neva zinazoendesha misuli zinakufa, na dawa ya kuzirudisha haipo.

"Mgonjwa ningemwambia tusubiri, tutapima tena. Mimi nilikosa wa kunidanganya."

Nyumbani mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. "Ananiambia, 'Simama vizuri, bwana harusi.' Tunacheka. Halafu anaingia jikoni anakaa huko, na jikoni hakuna kilichobandikwa."

Kinachomnyima usingizi ni mashine. Uongozi umemwambia hauna mtu mwingine. Akiacha kazi, itafunikwa kitambaa. Ndiyo maana kila jioni, wagonjwa wakishaondoka, dada anajifunza kwake, akiuchoma mkono wa kulia wa mwalimu wake.

"Ule mpira, dada, ndio ulioniharakishia ugonjwa?" alimwuliza siku moja.

"Uliuchosha mkono, kaka. Hukuuua."

Mpaka leo hajui kama lile lilikuwa jibu la kazi au la huruma. Hajauliza tena.

Jioni hii anamnyooshea dada mkono wa kushoto. Asubuhi kikombe kilimponyoka.

"Huo siupimi."

"Nani mwingine ataupima? Mke wangu?"

Dada anavuta kiti. Anamwambia atanue vidole, kisha anavibana kwa vyake. Kwa kipimo cha sifuri hadi tano, tano ikiwa nguvu kamili, wiki iliyopita mkono huo ulikuwa tano. Vidole vinashikilia, vinashikilia, halafu taratibu vinarudi ndani.

Dada ameshika kalamu, haandiki.

"Andika ulichokiona."

Anaandika nne.

Fundi Umeme anaisoma karatasi kama anavyosoma za watu wote. Anamwonyesha mahali aliposahau kuweka tarehe, anangoja mpaka aiweke.

"Kesho uje saa moja asubuhi, tusingoje jioni," anamwambia. "Miguu bado sijakufundisha."